Uchumba wa Dirishani

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za mwaka ule ni ya funguo. Mzee Gitau, mwenye ploti tuliyopanga pale Riruta, alizibeba zote kiunoni kwenye pete moja ya chuma, na akitembea kwenye kile kijia chembamba kati ya vyumba ungezisikia tangu langoni: chwi, chwi, chwi, zinapita mlango wa fundi viatu, zinapita mlango wa mwalimu wa nasari, halafu zinanyamaza. Zikinyamaza, ujue amesimama kwetu. Hakuja kudai kodi. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, na koti lake la kijivu, mkate kwapani, na Tata ananikonyeza nimtolee kile kiti chenye mto. Mpaka leo mtu akitikisa funguo nyuma yangu kwenye foleni ya benki, nageuka haraka kumtazama, na mimi ni mama mzima wa miaka hamsini na kitu, ninayecheka na kila mtu, hata na makanga wa matatu wasionijua.

Tulimzika Tata mwaka huu. Tata ndivyo sisi Wakikuyu tunavyomwita shangazi, na huyu ndiye aliyenilea. Ya kabla ya hapo tuyaache yalale. Tulipotoka makaburini tukarudi kwake kula, na mtoto wa binamu yangu, hawa wa siku hizi wasioogopa kuuliza, akaniambia mbele ya sufuria ya wali, "Auntie Njoki, ni ukweli ulikuwa na mchumba wa uongo? Tata alikuwa anacheka na hiyo stori mpaka anashika mbavu." Wakacheka wote, nami nikacheka, maana ilivyokuwa ikisimuliwa na Tata ilikuwa ya kuchekesha kweli. Lakini nilipobaki peke yangu na mwiko mkononi nikaona kwamba Tata alikuwa amesimulia vichekesho tu. Hofu hakuisimulia, kwa kuwa hakuijua. Mwaka mzima nilimtolea chai nikitabasamu, nayo nimeificha.

Nilikuwa na miaka ishirini. Shule niliiachia kidato cha pili, nikafundishwa cherehani na mama mmoja wa kanisani, na cherehani ikanipeleka mjini, ghorofa ya kwanza ya jengo moja karibu na River Road, kwenye chumba cha kukodisha gauni za harusi. Zilining'inia kutoka ukuta hadi ukuta, nyeupe, nyingine zimeshaanza kuwa na rangi ya maziwa, na kazi yangu ilikuwa kupunguza kiuno cha huyu, kuongeza kifua cha yule, kusugua tope kwenye pindo kila Jumatatu. Madam, mwenye gauni zile, alikuwa amekataza chakula mle ndani, kwa hiyo chapati na ndengu nilizila nimekaa kwenye ngazi, mgongo kwa mlango, nikisikiliza gauni zikisuguana kila upepo ulipoingia. Nilikuwa mtu wa kuota mchana. Kila gauni nililopewa nilikuwa nimeshalipigia harusi yake kichwani kabla bibi harusi hajalipa: kanisa lipi, keki ngapi, nani atalia. Harusi yangu mwenyewe niliibadilisha kila wiki. Bwana harusi ndiye sikumpa sura. Nilimwachia nafasi tu, kama unavyoacha kiti.

Mlango uliofuata ulikuwa wa studio ya picha, na mle alifanya kazi Mutua, kijana Mkamba kutoka upande wa Machakos, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufumba jicho moja hata akiongea nawe, kama bado anakutafuta kwenye kamera. Studio za wakati ule ziliweka picha za wateja kwenye kioo kule chini barabarani, ili wapita njia waone kazi. Sasa kulikuwa na mteja mmoja ambaye ndoa yake ilivunjika na picha yake bado iko kwenye kioo, akaja akapiga kelele mpaka watu wakajaa ngazi. Mwenye studio akasema, kuanzia leo kwa kioo tunaweka watu wasio na mambo. Akanitazama mimi niliyekuwa natafuna, akamtazama Mutua. "Nyinyi wawili. Vaeni."

Gauni aliloniazima Madam lilikuwa dogo, zipu haikupanda, kwa hiyo likafungwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Suti ya Mutua ilikuwa ya mtu mnene, ikakunjwa mgongoni kwa pini. Mbele ilikuwa harusi, nyuma ilikuwa kamba ya nguo. Na kwa vile mpiga picha alikuwa yeye mwenyewe, ilibidi atege kamera ijipige, kisha akimbie asimame kando yangu kabla haijalia. Alifika akihema, macho yamemtoka, mkono wake ukatua begani kwangu mara ya kwanza kabisa. Ndiyo maana kwenye picha ile anaonekana kama mwanaume aliyezidiwa na mapenzi. Alikuwa amezidiwa na mbio tu. Tulicheka siku nzima.

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Chumba chetu kilikatwa katikati na pazia, upande mmoja viti, upande wa pili kitanda na jiko la mafuta ya taa, na Jumapili moja nikiwa nyuma ya pazia nachemsha chai nilimsikia Mzee Gitau akisema, polepole kama mtu anayesoma risala, "Mimi sina haraka, mama. Lakini tangu mama watoto aende, nyumba yangu imekuwa stoo." Naye Tata, ambaye kikohozi kilikuwa hakimwachi miezi ile, akamjibu, "Njoki ana roho nzuri. Ni kuota tu. Akipata mtu mzima wa kumshika mkono, hiyo itaisha. Wacha huu mwaka uishe, nitakupa neno langu. Na unalijua." Maji yalichemka, yakafurika, yakazima moto, nami nimesimama tu. Msidhani mzee yule alikuwa mbaya. Ingekuwa rahisi. Alikuwa mjane mwenye heshima, mzee wa kanisa, hakuwahi kumtupia mpangaji vitu nje, na Tata alikuwa anaogopa kufa akaniacha peke yangu kwenye mji huu. Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Mlango ulikuwa unafungwa taratibu, kwa adabu, na watu walionipenda.

Wiki chache baadaye nilitoka kazini nikakuta Tata na Mzee Gitau wamekaa. Chai ilikuwa mezani, imeshapata ngozi juu. Funguo nazo zilikuwa mezani.

"Njoki, kaa hapo," Tata akasema. "Mama wa kwaya amenipitia. Ati uko kwa kioo huko mjini. Umevaa gauni. Na mwanaume amekushika."

Ukweli ulikuwa mfupi, ningeumaliza kwa pumzi moja: ni sampuli, Tata, ni picha ya kazi. Niliufungua mdomo kwa ajili hiyo. Halafu nikamwona Mzee Gitau ameinamisha kichwa, anangoja kwa upole, kama mtu anayejua daktari atasema si kitu.

"Ni mchumba wangu," nikasema.

Tata alishika kifua. "Mchumba? Kwani sisi ni watu wa kuambiwa na kioo?"

"Nilikuwa nataka kuwaambia."

"Ni wa nani? Anaitwa nani?"

"Mutua."

"Mkamba?" Tata akamgeukia Mzee Gitau kana kwamba yeye ndiye atakayeeleza. Mzee akachukua funguo zake, akazitia kiunoni, akasema, "Basi aje tumwone." Akaondoka bila kumaliza chai.

Kesho yake nilimkuta Mutua kwenye ngazi akifuta lenzi kwa ncha ya shati. Nilimweleza yote bila kupumua. Alinisikiliza jicho limefumbwa. Mwisho akasema, "Kwa hivyo mimi nimechumbia na sikuwepo?"

"Tafadhali. Mpaka huyu mzee achoke."

"Na asipochoka?"

"Mutua, nakuomba."

Akacheka kidogo. "Mwaitu pia ananitafutia msichana kule nyumbani." Mwaitu ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. "Kila nikienda kuna mmoja ameletwa kuchota maji kwetu, na mto uko kwao. Sawa. Mpaka Krismasi. Halafu unasema nilikuwa mlevi, tunaachana."

"Lakini wewe hunywi."

"Nitaanza Disemba."

Hivyo ndivyo nilivyopata mchumba. Akaanza kuja Riruta Jumapili, na kila alipokuja funguo zilimfuata nyuma, chwi, chwi. Mzee Gitau alikuwa anamwuliza maswali kama mtu anayepima ubao. Watu wenu ni wa kanisa gani? Kazi ya picha inalisha mtu mvua ikinyesha? Mutua alijibu yote, mimi kwenye stuli nimebana vidole katikati ya magoti nikihesabu majibu tuliyopanga na yale tuliyosahau kupanga. Jumapili moja mzee akaweka kikombe chini. "Nikuulize kitu kidogo. Huyu msichana anaogopa nini?"

Hilo hatukuwa tumelipanga. Nikamtazama Mutua nikitaka kumwashiria chochote, panya, giza, chochote.

"Anaogopa watu wakinyamaza," Mutua akasema. "Mkinyamaza kidogo tu, yeye anaanza kuongea. Hata kama hana la kusema. Kule kazini nikiwa na mawazo ananiimbia nyimbo za Jumapili hadi nicheke."

Chumba kikanyamaza, nami, Mungu wangu, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Niongeze chai?" Tata akaangua kicheko mpaka kikohozi kikamshika. Mzee Gitau hakucheka. Alinitazama mimi, halafu Mutua, muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba na yeye alikuwa anaumia.

Uongo ule ungekaa Riruta peke yake labda ningeuvumilia. Lakini uongo una miguu, na huu ulienda mpaka Kileleshwa, ambako dada yake Mutua, Mwende, alikuwa akifanya kazi ya nyumba kwenye fleti za watu wa mishahara. Alilala kwenye chumba kidogo nyuma ya jengo, kando ya tanki na kamba za nguo, kitanda kimoja, picha ya Yesu, na rafu ya vyombo vilivyong'aa kuliko vya tajiri wake. Mutua alikuwa ameshindwa kumwambia ukweli. Mwende ana furaha ya haraka, aliniambia, ukishaiwasha huwezi kuizima. Alitupikia muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, na maharagwe na vitunguu vingi, akanipakulia sahani ya juu kabisa, akaketi chini kwenye zulia la magunia akanitazama nikila.

"Mimi nimelea watoto wa watu tangu nikiwa na meno ya utoto," akasema. "Sasa nitalea wa ndugu yangu. Wako nitawalea bure, wifi, hata usiniletee sabuni."

Chakula kilikuwa kitamu. Aliniita wifi kila sentensi. Nilipokuwa nikiosha sahani nje nilisikia anamwambia Mutua, kwa Kikamba, na Kikamba na Kikuyu ni mtu na nduguye, ukitega sikio unashika: huyu ana macho ya kweli. Nikasugua sahani ile ile mpaka Mutua akaja kunitoa.

Halafu ikaja Karen, mtaa wa matajiri. Mwenye studio alipewa harusi kubwa huko, kwenye bustani ya nyumba ambayo kutoka langoni hata paa huoni, ni miti tu. Mutua alikwenda kupiga picha, mimi Madam akanituma na sindano, maana gauni lilikuwa letu na bibi harusi alikuwa ameongeza mwili. Mshono wa ubavuni ulipasuka kabla hata ya viapo. Nilimshona amesimama, amezuia pumzi, nikikata uzi kwa meno, huku wanawake wawili wa ukoo wakiongea juu ya kichwa changu kama mimi ni kiti. "Huyu ameolewa kwa sababu ya mama yake," mmoja akasema. Mwingine akasema, "Kwani wewe uliolewa kwa sababu ya nani?" Bibi harusi alisikia. Niliona shingo yake ikipanda na kushuka. Sikumshona haraka zaidi. Nilimpapasa tu ubavu pale niliposhona, akanipa tabasamu dogo, akaenda.

Baada ya chakula mvua ikaanguka, wageni wakakimbilia kwenye veranda, sisi wafanyakazi tukajibana chini ya hema la vyombo. Mpishi mmoja, mwanaume wa masihara, akamwambia Mutua, "Msee wa picha, huyu mrembo ni wa nani? Kama hana mwenyewe mimi niko." Mutua alikuwa anafunika kamera kwa koti lake. Hakugeuka hata. "Huyo ni mchumba wangu," akasema. Mpishi akainua mikono, pole ndugu, akatugawia vipande vya kuku. Nilikula nikitazama mvua. Pale chini ya hema hapakuwa na mtu wa Riruta, hapakuwa na mtu wa Machakos. Hakuna aliyekuwa akitupeleleza. Mpishi yule tusingemwona tena maisha yetu yote. Sasa uongo ule alimwambia nani? Nilitaka kumwuliza. Badala yake nikaanza kuongea juu ya kuku, jinsi alivyokaushwa, na sikunyamaza mpaka mjini.

Sasa ninapoandika, nafikiri hapo ndipo hofu ilipogeuka. Kabla ya Karen niliogopa kugunduliwa. Baada ya Karen niliogopa Krismasi, siku ile tuliyopanga kuachana. Na sikuweza kumwambia. Mimi ndiye niliyemwomba uongo. Ningemwambiaje sasa nataka wa kweli? Angeona namnasa, kama wao walivyotaka kuninasa mimi. Basi tukaendelea kuchekeshana kwenye ngazi kama zamani, ila sasa kila mmoja alikuwa anaangalia ndengu zake.

Novemba Tata akakata shauri. "Kama watu wa huyo kijana hawajakanyaga hapa kabla ya Krismasi," akasema, "basi ni wa picha tu, na neno langu kwa Mzee Gitau linabaki." Tukapanga na Mutua kitu kidogo: aje Mwende na mzee mmoja wa kwao anayeishi mjini, walete sukari na mikate, wanywe chai, waende. Salamu tu. Na kwa kuwa ukoo wetu hapo Nairobi haukuwa na mwanaume wa kukaa na wageni, Tata akaenda kumwomba nani? Mzee Gitau. Akakubali. Asubuhi ya siku hiyo alinikuta bombani nikijaza ndoo.

"Njoki," akasema, "mimi ndiye nitakaa upande wako leo. Nitakuuliza mbele ya watu kama unawajua hawa. Ukisema hapana, nitawatoa kwa heshima, hakuna atakayekugusa. Na sisi tutaendelea pale tulipoachia."

"Na nikisema ndiyo?"

Alishika funguo zisilie. "Basi nitakuwa nimesikia."

Walifika na pikapu. Nilisikia vicheko na mlio wa mbuzi, nikadhani ni gari la buchari. Langoni akashuka Mwende, vifijo tayari mdomoni, wakashuka wazee wawili wenye kofia, na mwisho, akishikiliwa mkono, mama mfupi aliyejifunga leso mbili, akitazama huku na huku mpaka akanipata. Alikuwa Mwaitu. Mwende alimpelekea habari njema, na Mwaitu hakuwa mtu wa kuleta mikate. Alileta mbuzi watatu. Mutua alikuja nyuma yao mbio kutoka barabarani, suruali imejaa vumbi, uso umekwisha. Alikuwa amejaribu kuwatangulia.

Tata naye alishtuka, lakini kwa furaha. Alinivuta nyuma ya pazia akaninong'oneza, "Usitetemeke. Kwetu mbuzi wa kwanza ni kupanda tawi tu, kuonyesha msichana ana mtu. Ukibadilisha nia mbuzi wanarudi walikotoka, hakuna kesi." Hilo lilinishikilia. Nilitoka nikasimama mbele ya viti. Mzee Gitau, mgongo wima, akauliza kama alivyosema atauliza, "Njoki, wageni hawa unawajua?" Nikasema nawajua. Na ilikuwa kweli, nilimjua Mwende, nilimjua Mutua. Nilijificha ndani ya ukweli huo kama mtoto ndani ya kabati. Mzee akaitikia kwa kichwa mara moja. Wanaume wakatoka, mbuzi mmoja akapelekwa nyuma ya ploti.

Nyama ilipikwa kwenye jiko la nje lenye paa la mabati, sufuria mbili kubwa za kuazima. Nilikuwa nimechuchumaa nikikata vitunguu, Mwaitu kwenye stuli akipepea makaa na kifuniko, anazungumza na binti yake kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Nilitega sikio. Nikashika neno kula, neno kuzika. Kisu kikasimama.

"Mwende, mama anasema nini?"

Mwende akacheka. "Anafurahi tu, wifi. Anasema hii ndiyo ntheo, mbuzi wetu wa ndoa. Ikishaliwa na pande zote mbili, imekwisha, wewe ni bibi wa kwetu. Haya mengine ya mahari ni ya pole pole. Hata Mungu akikuchukua kesho, ni sisi tutakuzika, kule kwetu, kando ya baba."

Mwaitu akanipigapiga goti kwa kiganja chenye moshi. "Ndiyo, mwana wakwa," akasema, yaani mwanangu.

Kule ndani Tata alikuwa anajua kwamba amepokea tawi. Kule nje watu hawa walikuwa wanaoa. Na sufuria ilikuwa inachemka. Niliinuka nikasema naenda kuchota maji, nikamtafuta Mutua, nikampata nyuma ya tanki la maji la ploti, amesimama peke yake.

"Ulijua mbuzi hawa ni wa nini?"

"Nimewaona sasa hivi kama wewe. Ningewazuia njiani, Mwende alinificha mpaka asubuhi hii."

"Wakila, mimi ni wenu. Mpaka kaburi."

"Najua." Macho yake yote mawili yalikuwa wazi. "Njoki, sikiliza. Nitaingia hapo niwaambie ni mimi niliyedanganya. Wewe hukujua kitu. Aibu itakuwa yangu, Mwaitu atanilaani kidogo, atapona."

"Halafu mimi nirudi kwa Mzee Gitau."

"Hapana! Hata huyo pia nitamwambia... sijui. Nitamwambia kitu."

"Na wewe unataka nini?"

Akaegemea tanki. Upande wa pili wa ukuta mtoto wa jirani alikuwa akiimba hesabu za shule. "Mimi sijui niliacha kuigiza siku gani," akasema. "Nimekuwa naogopa kukuuliza kama na wewe umeacha. Lakini usinijibu hapa. Hapa umebanwa. Ukija ukanigusa bega kabla chakula hakijapakuliwa, naingia kusema. Usiponigusa..." Mzee mmoja akamwita kwa nguvu aje abebe viti. Akaenda.

Niliona kwamba wote walikuwa wameniachia niamue. Mzee Gitau aliniuliza, nikajificha. Mutua amenipa mlango wa kutokea, lakini kumkubali kulitaka nisifanye kitu tu, nikae kimya, mambo yajiendee yenyewe hadi sahani zifike. Ningeolewa kama yule wa Karen, kwa kuzuia pumzi. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko kaburi la Machakos. Hata katika ndoto zangu zote za mchana, zile keki na kwaya, sikuwahi kuota kwamba mtu lazima aseme kitu yeye mwenyewe, hata kama hakuna anayesikia.

Nilirudi jikoni. Mwaitu na Mwende walikuwa wameitwa ndani kunawishwa mikono, niliwasikia wakicheka na Tata, lugha mbili kwa wakati mmoja. Pale nje palikuwa na moshi na mimi. Nilifunua sufuria kwa pindo la leso, nikachukua kisu cha vitunguu, nikakata kipande ubavuni mwa yule mbuzi wa ntheo, kabla ya wazee, kabla ya sala, nikakitia mdomoni. Kilikuwa cha moto sana na kilikuwa bado kigumu. Nilisimama pale nikakitafuna, polepole, mpaka kikaisha.